Ukungu Katika Kompyuta ya Bi Sudha

Kila Jumanne na Alhamisi, kengele ya saa tisa na nusu ilipolia, Wachuka alifunga vitabu vyake upesi na kukimbilia chumba cha kompyuta kabla ya wenzake. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa Gredi ya Nane, na mwenyekiti wa klabu ya kompyuta. Mwalimu Naftaly alimwamini kiasi cha kumwachia ufunguo. Wachuka alifungua mlango na madirisha, akapangusa vumbi lililotua juu ya meza tangu asubuhi, kisha akaondoa kitambaa kilichofunika kompyuta kuukuu iliyokaa peke yake kwenye kona.

Kompyuta hiyo iliwazidi wanafunzi wote umri. Skrini yake ilikuwa nene kama sanduku, na plastiki yake nyeupe ilikuwa imegeuka manjano. Aliyeileta shuleni ni Bi Sudha, mwenye duka la vifaa vya umeme mjini Nakuru. Zamani, yeye na kaka yake Ketan walikuwa na chumba cha michezo ya kompyuta, na vijana walijaa humo kila Jumamosi kushindana katika mchezo mmoja wa mbio za magari. Barabara ya mchezo huo ilipanda mlima, ikavuka daraja refu, kisha ikateremka kwa kona kumi na moja, na yote hayo yalikuwa ndani ya ukungu. Ketan alikuwa amefariki miaka minne iliyopita. Bi Sudha aliomba jambo moja tu: mchezo ule uchezwe kwenye mashine mpya ukiwa na sura yake ya zamani, kwa sababu ile kuukuu ilikuwa karibu kuharibika.

"Sitaki iwe nzuri zaidi," alimwambia Mwalimu Naftaly. "Nataka iwe ile ile."

Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Ndani ya kompyuta kuukuu mlikuwa na kadi ya picha, kifaa kilichotoshea kiganjani, na hicho ndicho kilichochora barabara, magari na ukungu. Kadi za aina hiyo hazitengenezwi tena. Mchezo ulipowekwa kwenye vipakatalishi vya shule, magari yalionekana vizuri, lakini ukungu ulitoweka na maji chini ya daraja yakawa meusi kama lami. Mwalimu akapata programu ya kukaa katikati. Programu hiyo ilipokea amri ambazo mchezo ulidhani unaipa kadi ya zamani, ikazifasiri kwa lugha ambayo kompyuta mpya iliielewa. Ilikuwa na faili moja ya vipimo, iliyojaa namba: za mwanga, za rangi, za vivuli, na za ukungu kwa kila kipande cha barabara. Namba zikiwa sahihi, picha nayo ingekuwa sahihi.

Wachuka ndiye aliyezitafuta namba hizo muhula wa kwanza. Aliipiga picha skrini kuukuu kwa simu ya mwalimu, akaiweka simu kando ya kipakatalishi, akaongeza ukungu kidogo kidogo mpaka picha mbili zikafanana. Klabu nzima ilimpigia makofi, na faili yake ikanakiliwa kwenye kila mashine.

Muhula wa pili akaja Joan. Alitoka Mai Mahiu, ambako mama yake alikuwa akiwapikia madereva wa malori kwenye kibanda kando ya barabara, na sasa walikuwa wamehamia mtaa wa Kaptembwo, hapo Nakuru. Alikuwa mrefu, mwenye maneno machache. Siku yake ya pili klabuni aliucheza ule mchezo kwenye mashine kuukuu, akaucheza tena kwenye kipakatalishi, kisha akasema mbele ya wote kwamba ukungu wa kipakatalishi ulikuwa mzito mno.

Wachuka alimuuliza ameupima na nini. Joan akasema ameupima na macho tu. Wanachama wakacheka, na Joan akarudi kwenye kiti chake. Hakulitaja tena jambo hilo, na Wachuka akadhani limekwisha.

Halikuwa limekwisha. Wanachama walikuwa na mazoea ya kushindana kwenye vipakatalishi vilivyounganishwa kwa waya, kila mtu akiyaona magari yote kwenye skrini yake, na hakuna aliyewahi kumaliza barabara ile kwa chini ya dakika tano. Alhamisi moja Joan aliimaliza kwa dakika nne na sekunde ishirini na sita. Wengine walimpongeza. Wachuka, kwenye skrini yake mwenyewe, aliutazama mwendo wa gari la Joan, akaona kwamba lilikuwa likianza kupinda kabla kona haijatokeza. Mtu anawezaje kupinda kwa ajili ya kona asiyoiona?

Tangu siku hiyo alianza kumchunguza, na kila alichokiona kilimtia wasiwasi. Joan aliomba ruhusa ya kuingia chumbani saa za chakula, wakati hakuna mtu. Kipakatalishi chake alikigeuza kikawapa mgongo watu wote waliokuwa chumbani. Mtu akipita nyuma yake, alikiinamisha kifuniko kidogo. Shiko, aliyeketi dawati moja na Wachuka darasani, alisema kwamba mtu asiye na cha kuficha hawezi kukaa hivyo.

"Huyo anatuchezea," Shiko alisema. "Na maonyesho ya kaunti ya klabu za kompyuta yakifika, ni yeye atapelekwa."

Maneno hayo yalimkaa Wachuka moyoni. Jumatatu, saa za chakula, alizunguka nyuma ya chumba cha kompyuta na kuchungulia dirishani. Joan alikuwa peke yake. Kwenye skrini yake gari lilikuwa katikati ya daraja, na mbele yake, ndani ya ukungu mwepesi, kona ya kwanza ilionekana waziwazi. Kwenye mashine ya Wachuka, ukifika mahali hapo huoni chochote ila weupe.

Basi ameupunguza ukungu, Wachuka alijiambia. Ndiyo maana anashinda.

Angeweza kuingia ndani na kumuuliza. Wazo hilo lilimjia. Lakini alihisi kwamba Joan angekana, tena angekuwa na jibu tayari, na siku hizi mwalimu alimsifu Joan mara nyingi. Kesho yake saa za chakula, Joan alipokuwa bado kwenye foleni ya githeri, Wachuka alifungua chumba kwa ufunguo wake. Alikiwasha kipakatalishi cha Joan, akaifuta kabisa faili yake ya vipimo na kuweka ya klabu mahali pake. Ilimchukua muda mfupi tu. Alijiambia kwamba hakuiba kitu, alirudisha haki tu. Hata hivyo, alitazama mlangoni mara tatu kabla ya kumaliza.

Jioni hiyo hiyo, klabu ilipokutana, kompyuta kuukuu iliwashwa kama kawaida. Picha ilipotokea, mistari ya kijani ilipita kutoka juu hadi chini. Harufu ya kitu kinachoungua ikasambaa. Mwalimu Naftaly alichomoa waya haraka, akaifungua mashine, akaitoa ile kadi. Upande mmoja ulikuwa umebabuka na kuwa mweusi. Akawaeleza kwamba haitarekebishika. Bi Sudha alitarajiwa kuja Jumanne ya wiki iliyofuata kuona kazi yao.

Joan ndiye aliyeinua mkono. Alisema kwa sauti ya chini kwamba wasiwe na hofu, kwa kuwa amekuwa akiipima barabara yote upya kwa wiki tatu. Alikuwa akikiweka kipakatalishi kielekeane na mashine kuukuu ili, akiketi katikati, azione skrini zote mbili kwa kugeuza kichwa tu. Kando ya barabara ya mchezo kulikuwa na nguzo nyeupe, naye alizihesabu. Kwenye mstari wa kuanzia, mashine kuukuu ilionyesha nguzo saba kabla ukungu haujazimeza. Darajani zilikuwa tisa. Kwenye kona ya nne zilikuwa tatu tu. Alirekebisha namba mpaka skrini mpya ikaonyesha idadi ile ile, kila mahali.

"Nilikuwa nangoja nimalize ndio nikuonyeshe, Mwalimu," alisema. "Nilichekwa mara ya kwanza. Imebaki kona mbili."

Alifungua kipakatalishi chake na kuuanzisha mchezo. Skrini ikajaa ukungu mzito, mweupe. Kwenye mstari wa kuanzia zilionekana nguzo nne.

Joan alibonyeza hapa na pale. Alifunga mchezo, akaufungua tena. Nguzo zikawa nne zile zile. Shiko akanong'ona, kwa sauti ya kusikika, kwamba pengine hakukuwa na kazi yoyote tangu mwanzo. Mtu mwingine akauliza mbona basi alikuwa akiinamisha kifuniko kila mara. Joan akajibu kwamba mwanga wa nje ulikuwa ukiipiga skrini, hasa mtu akipita na kuacha mlango wazi, lakini sauti yake ilikuwa imeanza kukatika na hakuna aliyeonekana kumwamini. Mwalimu aliuliza kama kuna yeyote aliyeigusa mashine ile. Wachuka alitazama sakafu.

Joan alichukua mkoba wake, akaomba ruhusa, akaondoka. Alhamisi hakuja klabuni.

Wachuka alijaribu kujituliza. Huenda Joan alikuwa ametunga hadithi ya nguzo ili ajiokoe. Huenda namba zake zilikuwa za uongo na ile faili ya klabu ndiyo iliyokuwa sahihi. Mashine kuukuu ilikuwa imekufa, kwa hivyo hakuna aliyeweza kuthibitisha, na kwa namna fulani jambo hilo lilimpa nafuu. Kisha aliona haya kwa kupata nafuu hiyo.

Jumamosi alifuatana na mama yake hadi Dundori, kwenye miinuko nje ya mji. Mama yake aliuza viazi na kabeji katika soko la Kaptembwo, na kila wiki alipanda huko mapema kununua kutoka kwa wakulima. Walipofika, ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mashamba. Mama alipokuwa akichagua viazi, Wachuka alisimama kando ya ua wa shamba na kuutazama mstari wa vigingi uliokwenda kupotelea katika ukungu. Bila kukusudia, alianza kuvihesabu. Aliona vigingi kumi. Ndipo akamwomba mama simu, akaupiga picha ua ule. Kwenye picha vilionekana vigingi sita. Vinne vilivyobaki vilikuwa vimefunikwa na weupe.

Alipiga tena, akaipangusa kamera kwa ncha ya sweta, akapiga mara ya tatu. Vigingi sita. Macho yake yaliona kumi, lakini simu iliuongeza ukungu.

Wachuka alielewa palepale. Muhula wa kwanza hakuwa ameilinganisha mashine mpya na ile kuukuu. Aliilinganisha na picha ya simu. Ukungu wake ndio uliokuwa wa uongo, na Joan alikuwa amewaambia hivyo siku ya pili tu, kwa macho yake. Kipimo pekee cha kweli kilichokuwa kimesalia duniani kwa barabara ile, yeye ndiye aliyekifuta kwa mkono wake.

Mama alimwona amesimama na simu, akamuuliza ana nini. Wachuka akamweleza yote, pale pale kando ya gunia la viazi. Mama hakumkaripia. Alimuuliza tu ni nani mwingine anayejua. Wachuka aliposema hakuna, mama akamwambia kwamba kuna msichana mmoja anayeitwa mwongo shule nzima, na kila siku inayopita ni siku nyingine ya kumwacha aitwe hivyo.

Jumatatu asubuhi Wachuka alimngoja Joan langoni. Alipomwona, alitaka kuanza kwa kueleza habari za simu na vigingi, lakini akajizuia.

"Joan, ni mimi niliifuta faili yako," alisema. "Nilidhani unadanganya. Sikukuuliza."

Joan alisimama. "Kwa nini unaniambia sasa? Ni kwa sababu Mwalimu amejua?"

"Hajajua. Nitamwambia saa hii."

"Basi twende wote," Joan alisema. "Nataka kusikia ukimwambia."

Walikwenda. Mwalimu Naftaly alimsikiliza Wachuka hadi mwisho, akanyoosha mkono, na Wachuka akamkabidhi ufunguo. Mwalimu alimwambia kwamba kuanzia siku hiyo hatakuwa mwenyekiti, na kwamba Wachuka mwenyewe ndiye atakayewaeleza wanachama, kwa mdomo wake. Kesho yake Wachuka alisimama mbele ya klabu na kueleza. Shiko aliinamisha kichwa. Baada ya hapo kulikuwa na kazi ngumu zaidi, kwa sababu Bi Sudha alikuwa ameketi pale pale na alikuwa amesikia kila neno.

Bi Sudha aliitazama ile kadi iliyoungua juu ya meza. Kisha alimuuliza Joan kama anazikumbuka nguzo. Joan akasema anaikumbuka idadi yake sehemu nyingi, lakini si zote, na namba za kwenye faili hazikumbuki hata moja.

"Mimi sijui namba," Bi Sudha alisema. "Lakini nilikaa kando ya Ketan miaka sita akicheza hii kitu. Najua aliona nini na hakuona nini. Tujaribu."

Walijaribu kwa wiki tano. Joan alitaja idadi ya nguzo alizozikumbuka, Wachuka akatafuta namba, akibadilisha moja, akijaribu, akibadilisha tena, wakati mwingine mara thelathini kwa kipande kifupi cha barabara. Kila Alhamisi Bi Sudha alikuja baada ya kumwachia binti yake Tanya duka, akaketi mbele ya skrini. Alisema maneno mawili tu: hapa sawa, au hapa bado. Maji ya chini ya daraja yaliwachukua siku nne, mpaka yakapata rangi ya chai ya maziwa ambayo Bi Sudha aliikumbuka.

Wasichana hao wawili hawakuwa marafiki. Joan aliweka neno la siri kwenye kipakatalishi chake, na kila alipotoka chumbani alikifunga. Wachuka alipoomba kubaki na mashine ili aendelee na kazi, Joan alimwambia hapana, na Wachuka akakubali. Joan naye, kila aliporudi, aliikagua faili yote kabla ya kuendelea. Wachuka aliumia, lakini alijua maumivu hayo yalitoka wapi. Alikuja mapema, akafanya kazi, akapangusa meza, akaenda nyumbani. Wiki ya nne Joan alipata homa, na asubuhi akamtuma mdogo wake shuleni na kipande cha karatasi kwa Wachuka. Kilikuwa na neno lile la siri, na chini yake maneno: kona ya nane bado.

Siku ya mwisho, Bi Sudha aliomba kuendesha gari mwenyewe. Hakuwa dereva hodari. Aligonga nguzo mara mbili, akapanda mlima polepole, akafika darajani. Mbele, ndani ya ukungu, kona ya kwanza ilianza kujichora, kwanza kama kivuli, kisha nguzo moja, kisha mbili.

"Hapa ndiyo alikuwa anashika breki," alisema. Akalisimamisha gari juu ya daraja na kubaki akitazama. Hakuna mtu aliyemharakisha.

Alipoondoka, akiwa na nakala ya mchezo kwa ajili ya kompyuta ya nyumbani kwake, Mwalimu Naftaly aliwaketisha wanachama wote. Alimgeukia Wachuka.

"Uliona skrini mbili zinazotofautiana, na kweli zilitofautiana," alisema. "Macho yako hayakukudanganya. Ulichokosea ni kwamba sababu uliitunga mwenyewe, kisha ukamhukumu mtu kwa sababu hiyo. Ulikuwa na swali, ukalifanya jibu. Kumshuku mtu kunaweza kumpata yeyote kati yetu, hata mimi. Lakini mwaminifu hulipeleka swali lake kwa mhusika mwenyewe, mchana, mbele ya uso wake, na yuko tayari kugundua kwamba aliyekosea ni yeye. Na nyinyi wengine mliocheka siku ile Joan alipozungumza, mngempa dakika kumi tu za kumsikiliza, tusingepoteza kitu." Kisha akasema kwamba Joan na Wachuka wataiwakilisha shule kwenye maonyesho ya kaunti, na kwamba mwenyekiti mpya ni Joan.

Alhamisi iliyofuata, walipokuwa wakijiandaa kwa maonyesho, Wachuka aliona namba ya ajabu kwenye sehemu ya vivuli. Ilikuwa kubwa mara mbili ya zilizoitangulia, na ilikuwa imeandikwa na Joan. Alivuta kiti, akaketi karibu naye.

"Joan, mbona hapa umeweka ishirini? Sijaelewa."

Joan alisogea, akaitazama namba ile, akahesabu kwa vidole.

"Nimekosea," alisema. "Ni kumi. Afadhali umeuliza." Kisha akamsogezea kibodi ili airekebishe.